Usiku anajua yote, asubuhi hana hata moja

Shikamoo Bi. Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza, nauza machungwa. Majibu yako huwa nayasoma kwenye simu ya mdogo wangu, na leo nimemwomba aniandikie haya maana yamenifika shingoni.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Darasa la saba alifaulu vizuri, hata baba yake alichinja jogoo. Tangu aingie sekondari mambo yamegeuka. Wala si kwamba hasomi. Huyu mtoto anapiga msuli mpaka namwonea huruma. Kila usiku anaweka beseni la maji ya baridi chini ya meza na kutumbukiza miguu ili usingizi usimchukue. Anasoma mpaka saa saba. Saa kumi na moja namwamsha achote maji na kujiandaa, maana shule ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nikipita usiku nikamuuliza, "Umeelewa?" ananijibu, "Mama, hii yote ninayo." Madaftari ameyapiga mistari ya rangi mpaka maandishi hayaonekani. Kesho yake kwenye jaribio anapata 18, akijitahidi sana 22. Anasema karatasi ikiwekwa mezani anaona giza, viganja vinalowa jasho, kila kitu kinafutika. Akitoka nje akafika chini ya mwembe, anakumbuka.

Kuna mwalimu anachapa fimbo moja kwa kila swali ulilokosa. Wiki iliyopita mtoto alirudi hawezi kukaa.

Baba yake anasema ni uvivu tu, na mwakani anataka amtoe shule ampeleke gereji. Kisa ni kwamba kijana ana mikono. Hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kushinda kwenye banda la jirani: anaziba pancha, anabadilisha spoki, anaunyoosha ringi uliopinda, hata watu wazima wanamletea baiskeli zao. Baba yake humwambia mbele ya wenzake, "Akili ya spoki unayo, ya daftari huna."

Mama mkwe naye ana lake. Mtoto alipokuwa na miaka minne malaria ilimpanda kichwani, akapata degedege, siku mbili hakujitambua. Bibi anasema ubongo uliharibika pale pale, na kwamba kuna mkono wa mtu. Anataka twende kwa mganga. Mdogo wangu ameona mtandaoni vidonge vya kuongeza kumbukumbu, kopo moja shilingi 45,000. Na mtoto mwenyewe siku hizi amekuwa mkali. Nikimwambia neno dogo anafoka, mlango anaubamiza. Hakuwa hivyo.

Upimaji wa Taifa ni mwisho wa mwaka. Mimi niliishia la saba, Kiingereza sikijui, siwezi kumsaidia. Niambie ukweli, ubongo wa mwanangu umeharibika?

Mama Fundi Spoki, Muheza

Marahaba, mwanangu.

Nianze na degedege, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi, hizo nyingine zimekuja juu yake.

Mama mkwe wako hajasema upuuzi. Malaria ya kichwani inaweza kuacha alama kwenye ubongo. Watafiti katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto walioiugua wakapona, na miaka miwili baadaye takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu katika mambo kama umakini na kumbukumbu. Kilifi, huko jirani zetu pwani ya Kenya, nako wameliona jambo hilohilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo bibi anajua alichokiona, na usimdharau. Lakini mmoja kati ya wanne maana yake watatu walitoka salama. Na barua yako yenyewe ina ushahidi wa kumtetea mwanao. Huyu alisoma miaka saba ya msingi akafaulu. Ubongo ulioharibika ukiwa na miaka minne mara nyingi haungoji miaka tisa, mpaka aingie kidato cha kwanza, ndipo uanze kusumbua. Halafu umesema akifika chini ya mwembe anakumbuka. Kilichopotea hakirudi kwa sababu ya kivuli cha mwembe. Kipo kichwani. Tatizo ni kukitoa pale kinapohitajika.

Kuna jambo moja ulichunguze, na ulichunguze kweli. Je, kuna wakati anaduwaa sekunde kumi, ishirini, macho yamekodoa, ukimwita haitiki, halafu anaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichotokea? Hicho kinaweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha mtu, na waliougua malaria ya kichwani wako kwenye hatari zaidi ya kupata kifafa baadaye. Nimeona wanafunzi wakichapwa kwa "kuota mchana" kumbe ni wagonjwa wanaohitaji dawa. Ukiona hivyo nenda hospitali, hiyo haisubiri mtihani. Mpime na macho pia. Kaa naye barazani, mwambie akusomee bango la ng'ambo ya barabara.

Haya, sasa nije kwenye spoki, maana mumeo amesema neno kubwa bila kujua.

Mwaka 1953 huko Connecticut, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa kichwa. Kifafa kilikuwa kimemshinda kabisa, na daktari William Scoville aliamua kukata sehemu za ndani za ubongo, kushoto na kulia, usawa wa juu ya masikio. Humo kuna kipande kinaitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza tena kushika jambo jipya. Utoto wake aliukumbuka, mazungumzo aliyaweza, ila ukitoka chumbani ukarudi baada ya muda anakusalimu kama mgeni. Aliishi hivyo mpaka 2008, alipofariki akiwa na miaka 82.

Mtafiti mmoja, Brenda Milner wa Montreal, alimfanyia jaribio ambalo mimi nililirudia darasani kila mwaka, kwa kioo cha kunyolea cha mume wangu. Unachora nyota yenye mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mtu anatakiwa apitishe penseli katikati ya mistari huku mkono wake umefichwa, anauona kwenye kioo tu. Jaribu na watoto, mtacheka. Mkono unarudi kwako unapotaka uende mbele. Henry naye siku ya kwanza alivuruga. Siku ya pili akafanya vizuri zaidi. Siku ya tatu alikuwa hodari. Na kila siku, ukimuuliza, hakukumbuka kwamba aliwahi kuiona kazi ile. Mkono ulikuwa umejifunza, yeye mwenyewe hana habari.

Hapo ndipo wanasayansi walipoelewa kwamba kumbukumbu si ghala moja. Ya mkono ina njia yake ndani ya ubongo, ya habari na majina na tarehe ina yake, na hiyo ya pili inapitia hipokampasi. Kwa hiyo mumeo yuko sahihi kwamba spoki na daftari ni vitu viwili. Anapokosea ni kudhani kwamba mwenye moja amenyimwa nyingine.

Ila mimi kinachonivutia kwa mwanao si njia ipi ya ubongo anaitumia. Ni namna alivyojifunza baiskeli. Mwulize. Hakukaa kwenye benchi la jirani akimtazama fundi mara kumi kisha akasema "hii yote ninayo." Alishika spana. Akakaza spoki, ringi ukapinda zaidi, akailegeza, akaanza upya. Kesho yake akarudi akiwa amesahau nusu, akajikumbusha kwa kufanya. Ringi wenyewe ulikuwa unamwambia papo hapo kama amekosea. Sasa angalia anavyosoma daftari. Anatazama. Anatazama tena. Anapiga mstari wa rangi, anatazama mara ya tatu. Spana hashiki hata mara moja mpaka siku ya mtihani.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma, moja inahusu jua, nyingine fisi maji wa baharini. Kundi moja lilisoma habari ileile katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, vipindi vitatu vilivyobaki likafunika habari na kuandika kwenye karatasi tupu chochote lilichokumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walishinda: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Huyo ni mwanao saa saba ya usiku, miguu beseni, "Mama, hii yote ninayo." Hakudanganyi. Anayo kweli, kwa dakika tano. Walipopimwa baada ya wiki nzima, waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojiuliza wakabaki na 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hicho ndicho kinachonisikitisha kila nikiwaza watoto wetu. Kurudia kusoma kunakufanya uizoee sura ya ukurasa, na ubongo unadhani kuizoea sura ndiko kujua. Ni kama jirani unayempungia mkono kila siku njiani. Uso wake unaujua kabisa, lakini ukiombwa jina lake unabaki mdomo wazi.

Na usisahau hili: darasa la saba alisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza Kiingereza kikamwangukia masomo yote kwa mkupuo. Akili ina meza ndogo ya kufanyia kazi, inabeba vitu kama vinne hivi kwa wakati mmoja, si zaidi. Mtoto akitumia vitatu kupambana na maneno, nafasi ya kuelewa maana inabaki moja. Ndipo anapoanza kukremu sentensi nzimanzima bila kujua zinasema nini. Sentensi isiyo na maana haina pa kushikia, neno moja likidondoka yote inakwenda.

Kuhusu usingizi nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Saa saba mpaka saa kumi na moja ni saa nne. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi. Mwanao unamlisha nusu sahani ya usingizi kila siku, halafu tunashangaa mlango unabamizwa. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshika breki ya hasira, na kwa kijana bado inakomaa, itaendelea mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mnyime usingizi, hiyo breki ndiyo ya kwanza kulegea.

Tena kumbukumbu inahitaji usingizi kwa kazi yake yenyewe. Habari mpya huingia ikiwa dhaifu. Seli za neva hazijashikana, kati yake kuna upenyo mdogo sana uitwao sinapsi, na kujifunza ni kuimarisha mawasiliano katika upenyo huo, hatimaye kuotesha matawi mapya. Eric Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kulionyesha hili kwenye konokono wa bahari, mnyama ambaye Muheza hata kwenye supu mngemkataa. Konokono akifundishwa kwa mkao mmoja anasahau haraka, mafunzo yaleyale yakigawanywa siku nne anakumbuka kwa wiki kadhaa. Kuotesha tawi kunataka muda. Tukiwa tumelala, hipokampasi inarudia mambo ya mchana na kuyakabidhi sehemu nyingine za ubongo yahifadhiwe. Jambo hili lilianza kuonekana zamani: mwaka 1924 watafiti wawili wa chuo cha Cornell waliwapa vijana wawili silabi zisizo na maana wazikariri, mara wakalala, mara wakakaa macho. Waliposhika silabi kisha wakalala, walikumbuka nyingi zaidi, kwa tofauti kubwa. Beseni la maji linamfanya mwanao awe macho kwa saa zilezile ambazo ubongo ungekuwa unamsomea bure.

Sasa fimbo. Hapa naomba usome polepole, maana naandika habari zangu.

Nimefundisha Baiolojia miaka 31, na kwa miaka kumi ya mwanzo nilichapa. Nilikuwa na fimbo ya mpera nyuma ya kabati. Nilifundisha watoto mambo ya homoni ya adrenalini ubaoni, nikageuka nikaipandisha kwenye damu zao. Siku moja nilimwita binti mbele aeleze safari ya damu kwenye moyo. Jioni iliyotangulia nilimsikia akimweleza mwenzake bombani, vyumba vyote vinne, na vali, kwa Kiswahili safi kuliko changu. Mbele ya ubao, fimbo ikiwa mkononi mwangu, hakuweza kutaja hata jina la chumba kimoja. Nilimtazama mkono. Chaki ilikuwa imelowa jasho mpaka imegeuka uji kwenye vidole. Nilimchapa. Nilipokaa ofisini ndipo nilipoanza kujiuliza nilichokuwa nimekipima, damu au woga.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya ubongo, jirani kabisa na hipokampasi, kuna kijisehemu chenye umbo la lozi, amigdala, ambacho kazi yake ni kunusa hatari. Kikinusa, mwili mzima unajiandaa kukimbia au kupigana. Moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, mdomo unakauka, tumbo linavuruga. Homoni za dharura, adrenalini na kortisoli, zinamwagika. Ukikutana na nyoka shambani ni msaada mkubwa. Kwa mtu anayetakiwa kuchota jambo alilolisoma juzi, ni balaa, kwa sababu homoni hizohizo zinaziba njia ya kulitoa, na ile sehemu ya nyuma ya paji inapwaya. Hatari ikipita, njia inafunguka. Huo ndio mwembe wenu. Chini ya mwembe hakuna mwalimu.

Na fimbo inafundisha, usidhani haifundishi. Mwulize kijana siku aliyochapwa, atakwambia hata shati alilovaa mwalimu. Ubongo unashika vizuri sana kile kilichoutisha. Kwa hiyo kila akichapwa kwa somo lile, anachojifunza kwa uhakika ni kwamba somo lile ni hatari, na safari ijayo mwili utaanza kujiandaa akiwa bado njiani.

Nendeni shule, wewe na mumeo pamoja, msiende na shari. Mwoneni kwanza mwalimu wa darasa au mwalimu wa malezi, mwelezeni giza na viganja kama ulivyonieleza. Wengi tukielezwa tunasikia. Ikishindikana, mjue kwamba kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kuchapa anavyotaka. Ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kukosa swali si utovu wa nidhamu. Mkuu wa shule analijua hilo, na akiona wazazi wanalijua, mazungumzo hubadilika.

Nyumbani sasa. Unasema huwezi kumsaidia kwa sababu Kiingereza hukijui. Wewe ndiye msaidizi ninayemtaka. Akirudi, ale, apumzike, aende hata banda la baiskeli saa moja, usimzuie. Jioni asome kurasa mbili tu za somo moja kwa dakika ishirini hivi. Kisha afunge daftari akupe wewe ulikalie. Ndiyo, ulikalie! Mwambie, "Haya, nieleze." Akueleze kwa Kiswahili, huku unapanga machungwa yako mafungu mafungu. Usipoelewa mwambie hujaelewa, arudie kwa njia nyingine. Mtoto hawezi kumweleza mama wa la saba mzunguko wa maji kwa maneno aliyoyakremu, itabidi aelewe. Akikwama, akae na kukwama kwake kidogo, asikimbilie daftari. Kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakojenga, hata akikosa, mradi baadaye aangalie jibu sahihi. Akishakueleza, achukue karatasi tupu aandike kwa Kiingereza, sentensi zake mwenyewe hata zikiwa na makosa, ndipo afungue daftari alinganishe. Alichokosa akiandike mahali. Binti yangu alikuwa akiandika kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, nilipiga kelele sana juu ya mlango ule, na hadi leo sijaupaka rangi.

Kesho yake, kabla ya kugusa kipya, umuulize cha jana. Siku ya tatu tena, wiki moja baadaye tena. Ataona amesahau na atakata tamaa, mwambie konokono naye alihitaji siku nne. Mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, akae mezani na mtihani wa mwaka uliopita, saa ya ukutani mbele yake, kimya, wadogo zake watoke nje. Karatasi inayozoeleka nyumbani haitishi sana shuleni. Kwenye chumba cha mtihani, giza likianza, aweke kalamu chini avute pumzi kawaida na kuitoa polepole, muda mrefu kuliko aliovutia, mara tano au sita. Hilo si la kufariji tu. Kuna neva ndefu inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, vagasi, na pumzi inapotoka polepole inapunguza mbio za moyo. Kisha aanze na swali analolijua, lolote, hata kama ni la mwisho.

Saa tatu kitandani. Najua vijana wa umri huu usingizi wao huchelewa kuja, homoni ya kulalia kwao hutolewa baadaye kuliko kwa wewe na mimi, kwa hiyo siku za mwanzo atajigeuzageuza. Simu isiwe chumbani. Na hayo maji ya alfajiri, mwanangu, tafuteni utaratibu mwingine, yachotwe jioni, wadogo zake nao wana mikono. Ukimpa nusu saa zaidi asubuhi, umempa kitu kikubwa.

Vidonge achana navyo. Kwa mtoto asiye na upungufu uliopimwa hospitali havina cha kuongeza, na kilichomo koponi hakuna anayekuhakikishia. Hizo 45,000 mnunulie mayai, karanga na dagaa mpaka Upimaji. Ubongo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na mtoto anayetembea saa nzima bila kutia kitu tumboni anafika darasani tayari ana deni. Kwa bibi, mwache amwombee dua, dua haina madhara, na mwambie nimesema alikuwa na haki kuikumbuka ile degedege. Kwa mganga msiende, kijana ana makovu ya kumtosha, hahitaji na chale.

Nimebakiza mumeo. Gereji si laana, fundi mzuri ni mtu wa heshima na mimi baiskeli yangu nilimpelekea fundi miaka yote. Lakini amtoe shule kwa sababu kijana amechagua, asimtoe kwa sababu amechoka kuchapwa. Na ile kauli ya spoki na daftari aiache, kwa sababu mtoto akiambiwa hana akili kila siku, naye anaingia chumba cha mtihani akiwa ameshaanza kuogopa. Kama anataka kusaidia, Jumapili ampelekee ringi uliopinda, akae karibu yake, amwombe amweleze anachofanya, kila hatua na sababu yake. Asikilize tu. Atamsikia mwanae akijieleza bila kutetemeka, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huu. Kisha jioni ileile, kwenye benchi lilelile, amwombe amweleze ukurasa mmoja wa Jiografia.

Niandikie baada ya majaribio mawili. Alama usiniambie kwanza. Niambie kama viganja vimekauka.